Kuchonga Hesi na Kupitia Hesi

Bloku ya injini ya trekta kuukuu, mathalani ile ya Perkins ya silinda tatu iliyofungwa kwenye Massey Ferguson 135, ikishaoshwa na kukauka huonekana iko tayari kuunganishwa. Kumbe matundu ya bolti bado yana kutu, masizi na mafuta yaliyoganda. Ndani yake mna mfuo unaozunguka kama ngazi ya mnara, ambao kwa Kiswahili cha vitabuni ni hesi, na gerejini wengi huuita thredi au meno. Nachagua hesi, kwa sababu meno tayari ni ya gia, na mwongozo unaotumia neno moja kwa vyote viwili utampoteza msomaji. Lakini jina linalohitaji kufikiriwa zaidi ni la kazi ya kuusafisha mfuo huo.

Gerejini kazi hiyo ni kupitisha tapu. Tapu ina makali, nayo imeundwa kuchonga hesi mpya katika tundu lililotobolewa kwa kekee. Ikiingizwa kwenye hesi zilizopo haitofautishi kutu na chuma: ikianza upande, au ikizidi kipimo cha kiwandani hata kidogo, hunyoa bloku yenyewe na bolti haishiki tena sawasawa. Chombo cha kusafishia ni kingine. Kina hesi zilezile ila hakina makali ya kukata; hufuata njia iliyopo na kuusukumia uchafu kwenye mifereji yake. Asiye nacho huchukua bolti nzima ya kipimo hichohicho akaichonga mifereji ya urefu kwa tupa. Kazi yake napendekeza tuiite kupitia hesi, na chombo kipitia hesi. Kusafisha ni pana mno, maana petroli na brashi pia husafisha. Kupitia ni kuirudia njia iliyokwisha kuwekwa, bila kuweka nyingine.

Tofauti hii ina uzito kwa sababu ya msuguano. Takriban asilimia 90 ya nguvu ya kukazia humezwa na msuguano, chini ya kichwa cha bolti na kwenye hesi; asilimia 10 hivi ndiyo huivuta bolti na kubana silinda hedi. Hesi zikiwa chafu, spana ya kipimo huonyesha kwamba nguvu imetimia ilhali gasketi haijabanwa vya kutosha, na injini iliyogharimu fedha nyingi huanza kuvujisha maji au moshi. Tundu lisilotokea upande wa pili lina hatari yake pia: mafuta yaliyobaki chini hayashindiliki, na bolti inayoshuka juu yake inaweza kupasua chuma cha kusubu. Ndiyo maana baada ya kupitia hesi tundu hupulizwa kwa hewa ya kompresa, fundi akiwa amevaa miwani ya kazi.

Fundi stadi atasema tapu ikizungushwa kwa vidole haidhuru kitu. Ni kweli, kwake yeye anayejua kipimo. Lakini bolti ya nusu inchi ya mfumo wa Whitworth ina hesi 12 kwa inchi, zenye pembe ya nyuzi 55. Ile ya hesi pana ya mfumo wa pamoja uliokubaliwa na Uingereza, Marekani na Kanada mwaka 1948 ina hesi 13, kwa nyuzi 60. Mwanagenzi aliyeshika tapu isiyo yake atausikia ukinzani, atadhani ni kutu, ataongeza nguvu, na makali yatamtii. Kipitia hesi kingegoma mapema. Wengine watasema mafundi hawahitaji istilahi mpya. Kupitia si neno jipya, na tapu hainyang'anywi chochote: inabaki na kazi yake halisi, kwenye tundu ambalo hesi zake zimekwisha kuliwa, linalopaswa kupanuliwa na kuchongwa upya ili livishwe koili ya chuma inayorudisha kipimo cha awali.