Historia Fupi ya Kitambaa cha Krismasi

Naomba radhi mapema kwa wale watakaosema mhandisi wa madaraja anatafuta nini kwenye sindano na uzi. Nilikuja Uingereza mwaka 1990 kusomea vyuma na zege, na kwa miaka mingi sikuona kitu cha maana katika vitambaa vya kudarizi. Kwetu vilikuwa kila mahali: mgongoni mwa kochi, mezani, juu ya redio. Mtu akizaliwa ndani ya kitu hakitazami.

Kilichonifanya nitazame ni kosa langu mwenyewe.

Marehemu mama alisoma shule ya misheni ya wasichana, mkoa wa Tanga, mwishoni mwa miaka ya 1950. Huko alifundishwa kudarizi kwa mshono wa msalaba, ule wa nyuzi mbili zinazopishana kama alama ya iksi. Alikuwa na kitambaa kimoja kidogo, chapata inchi nane kwa sita, chenye mshumaa katikati na majani ya kijani yenye miiba na matunda mekundu pembeni. Kilikaa sandukuni mwaka mzima. Siku chache kabla ya Krismasi alikitoa, akakifua, akakichovya katika maji ya wanga wa muhogo, akakipiga pasi ya mkaa, kisha akakiweka juu ya redio mpaka baada ya mwaka mpya. Halafu sandukuni tena.

Majani yale hakuyajua. Alinakili kutoka karatasi ya mwalimu. Nilipofika huku aliniandikia kuuliza kama nimeuona mti huo, maana kwa miaka thelathini alikuwa akiushona bila kuujua. Ni mti wa holi, na huku umejaa kwenye uzio wa kila kanisa la kijijini. Nilimtumia jani moja ndani ya barua. Alijibu kwamba miiba aliipatia, lakini rangi ya kijani mwalimu alimdanganya.

Mwaka 1996 nilipooa alinitumia kile kitambaa kwa posta. Mimi, kwa elimu yangu yote, nikakipaka gundi ya mbao, nikakibandika juu ya ubao, nikakunja pindo nyuma na kuzibandika nazo, nikakitia kioo. Nilijiona fundi. Baada ya miaka kumi hivi kikaanza kupata madoa ya kahawia, kama chai iliyomwagika. Mama alikuwa hai bado na sikumwambia. Alifariki mwaka 2011, na tangu hapo nimekuwa nikisoma habari za kitu hiki kwa bidii ya mtu mwenye deni.

Tuanze basi na neno lenyewe. Kutarizi, au kudarizi kama tusemavyo wengine, limetoka katika Kiarabu, na linaungana na *tiraz*, jina la vitambaa vyenye maandishi pembeni vilivyoshonwa kwa ajili ya makhalifa na watu waliowatunuku. Kwa hiyo tangu zamani kazi hii ilikuwa na ujumbe: nani katoa, nani kapewa. Hata kofia ya viua ya pwani yetu, ambayo ndugu zetu wa Oman wanaivaa kwa jina la kuma, ni wa ukoo huo, na ina msimu wake vilevile. Kofia mpya ya Idi ilikuwa ikishonwa miezi kadhaa kabla, na jirani yetu aliikausha juu ya sufuria ili ishike umbo. Kumalizia ndiko kulikoifanya iwe kofia. Bila hivyo ni kitambaa chenye matundu.

Hapa Uingereza, kitambaa cha mfano cha zamani kuliko vyote vyenye tarehe kipo katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London. Kilishonwa na Jane Bostocke mwaka 1598, na ndani yake kuna habari ya mtoto aliyezaliwa mwaka 1596. Vitambaa hivi vya mwanzo havikuwa pambo la ukutani. Vilikuwa daftari. Mwanamke akiona mshono mzuri kwa mwenzake anaujaribu pembeni mwa kitambaa chake, anakiviringisha na kukiweka kapuni, akiuhitaji anakikunjua. Kumalizia kulikuwa pindo tu.

Karne mbili baadaye mambo yalikuwa yamebadilika: kitambaa kimekuwa kazi ya shuleni. Msichana anashona alfabeti, namba, jina lake na umri wake, kinatiwa fremu, wageni wanaonyeshwa. Kwa wenye mali ilikuwa sifa ya malezi. Kwa maskini ilikuwa cheti cha kazi. Nyumba kubwa ilikuwa na mashuka, taulo na vitambaa vya meza kwa mamia, na kila kimoja kilitiwa herufi za mwenye nyumba na namba kwa mshono wa msalaba, ili kikitoka kwa dobi kijulikane. Mtumishi asiyejua kutia alama hizo alikuwa na thamani ndogo. Wasichana yatima wa nyumba za George Müller, Bristol, walishona alfabeti juu ya alfabeti kwa uzi mwekundu, herufi ndogo kama punje za mtama, na ukiviona leo utadhani ni mapambo. Walikuwa wanajiandaa kutafuta ajira.

Mwekundu ulipendwa kwa sababu rangi ile haikutoka ikifuliwa. Kwetu nako kitambaa chekundu cha biashara kilikuwa na jina lake, bendera.

Hapa lazima nimtaje Elizabeth Parker. Alizaliwa mwaka 1813 huko Sussex, akaenda kufanya kazi za nyumbani akiwa msichana mdogo, akatendewa ukatili na bwana mmoja aliyemwajiri. Mnamo mwaka 1830 alichukua kitambaa na uzi mwekundu wa hariri akashona habari zake zote, mstari baada ya mstari, kwa mshono uleule wa kutilia alama mashuka. Anasema hawezi kuandika, kwa hiyo anashona. Anaeleza mpaka alivyofikiria kujiua. Hakuna ua, hakuna ndege, hakuna mpaka wa pembeni, na sentensi ya mwisho inakatika katikati. Kitambaa chake nacho kipo Victoria and Albert. Mimi nilisimama mbele yake kwa muda mrefu, na jambo lililonishika ni kwamba hakikumalizwa. Mwenyewe aliendelea kuishi, akawa mwalimu, akafariki mwaka 1889.

Sasa msimu uliingiaje? Mwanzoni mwa karne ya 19 wachapaji wa Berlin walianza kuuza michoro kwenye karatasi ya miraba iliyopakwa rangi kwa mkono, kila mraba mshono mmoja. Wahandisi wenzangu wataelewa uzito wa jambo hili: picha imegeuzwa hesabu, na mtu asiyejua kuchora anaweza kuitoa sawasawa. Mwaka 1848 gazeti moja la London lilichapa picha ya Malkia Victoria na familia yake wakiuzunguka mti wa Krismasi, na mti huo ukaenea katika nyumba za watu wa kati. Mti unataka vitu vya kutundika, na sikukuu inataka zawadi ndogo za kutengenezwa nyumbani. Zikaja kadi zenye vitundu vilivyopangwa safu kwa safu, mtu anapitisha sufi au hariri bila hata kitambaa: alama za kuwekea vitabuni, maneno ya baraka ya kutundika mlangoni. Mwishoni mwa karne hiyo kampuni ya Zweigart ya Ujerumani ikatoa kitambaa cha aida, ambacho miraba yake inaonekana wazi hata kwa macho yangu ya sasa.

Lakini waliolifanya jambo la msimu kuwa sanaa, kwa maoni yangu, ni Wadenmaki. Huko chama cha Haandarbejdets Fremme kilianzishwa mwaka 1928, na wachoraji wake, kama Gerda Bengtsson, walichora mimea halisi ya mwituni, si maua ya kubuni. Wana kitambaa cha Krismasi chenye pete ndogo 24 zilizoshonwa chini ya picha, na kwenye kila pete kinafungwa kifurushi kimoja cha mtoto, cha kufunguliwa siku moja baada ya nyingine tangu Desemba mosi. Wana pia ule mkanda mrefu mwembamba wenye fimbo ya shaba juu na chini. Asili yake ni kamba ya kengele katika nyumba za matajiri: ukiuvuta, waya unapita ndani ya kuta mpaka jikoni, mtumishi anakuja. Kengele zikaondoka, watumishi wakaondoka, mkanda ukabaki ukutani kama pambo, na fimbo zake bado zinafanya kazi ya maana, kwani uzito wa ile ya chini unakinyoosha kitambaa bila gundi. Laiti ningelijua hilo mwaka 1996.

Kuna kisa kimoja zaidi siwezi kukiacha. Meja Alexis Casdagli wa jeshi la Uingereza alitekwa Krete mwaka 1941 na kupelekwa kambini Ujerumani. Mwezi Desemba mwaka huohuo, siku zikiwa fupi na baridi kali, alishona kitambaa kwa nyuzi alizofumua kutoka fulana kuukuu. Wajerumani walikipenda wakakitundika kiangaliwe, na kikapitishwa katika kambi nne. Hawakuona kwamba vidoti na vistari vya pembeni ni mosi, ile lugha ya simu za upepo. Mstari mmoja ulimwombea mfalme. Mwingine ulimtusi Hitler kwa tusi ambalo jarida letu halitalichapa. Katika maonyesho yote niliyowahi kuyasikia, hayo ndiyo ninayoyaonea wivu.

Na mshono huu ulifikaje Tanga? Ulikuja na walimu wa kike wa misheni. Huko Mbweni, Unguja, shule ya wasichana ya UMCA chini ya Caroline Thackeray, aliyeiongoza tangu mwaka 1877, ilifundisha wasichana waliokombolewa utumwani, na ushonaji na ufuaji ulikuwa sehemu ya mafunzo yao. Misheni hiyohiyo ilikuwa bara Tanga. Mtu anaweza kuuliza, na mimi nauliza, kama walikuwa wakifundishwa sanaa au utumishi. Jibu nadhani ni vyote viwili, na mama yangu alichukua alichokitaka.

Turudi kwenye kosa langu. Binti yangu amekua na ameshika sindano, na anashona vidogo vya kila msimu: boga la Oktoba, kondoo wa Pasaka, nyota na mwezi kwa rafiki yake wa Idi. Anavigeuza vijito vidogo vya kujaza pamba na kuvipanga ndani ya bakuli la mbao la kukandia unga wa mkate, vikibadilishwa kadiri mwaka unavyokwenda. Alipokiona kitambaa cha bibi yake alikasirika kuliko nilivyotarajia. Akanieleza, nami nawaeleza ninyi. Kadibodi na mbao za kawaida zina asidi, na asidi inakula pamba. Gundi inageuka rangi. Kioo kisigusane na nyuzi, na jua lisikipate. Kipigwe pasi kifudifudi juu ya taulo nene ili mishono isilale. Kisha kinyooshwe juu ya kadibodi isiyo na asidi, na nyuma kikazwe kwa uzi unaokwenda upande huu na upande ule, ukianzia katikati kuelekea pembeni, kama unavyokaza nati za gurudumu la gari. Hilo la nati niliongeza mimi. Alikubali ni sahihi.

Na ukinunua aida, piga hesabu kwanza. Mchoro wa mishono 70 kwa 98, kwenye kitambaa cha miraba 14 kwa inchi, unatoka inchi tano kwa saba. Kwenye cha miraba 18 unapungua hata usifike inchi nne kwa tano na nusu, na fremu uliyokwisha kununua haina kazi. Acha ukingo wa inchi mbili au tatu kila upande. Anayebana ukingo atakuja kulia wakati wa kumalizia.

Majira ya baridi yaliyopita tulikibandua. Gundi ile, bahati nzuri, ilikuwa ya kulainika kwa maji. Tulitumia jioni nne, matone ya maji ya uvuguvugu na kisu cha plastiki, baada ya kujaribu nyuzi nyekundu kwa pamba nyeupe kuona kama zinatoa rangi. Hazikutoa. Pembe moja ilichanika. Madoa hayakuisha, yamefifia tu. Tulipolikunjua pindo la chini, lile nililokuwa nimelibandika nyuma, tukakuta herufi mbili za jina la mama na namba 17, mishono midogo mno, iksi zote zimelala upande mmoja kama inavyotakiwa.

Nilidhani ni umri. Lakini hesabu haikulingana, maana alitoka shuleni kabla ya hapo. Nikampigia simu mama mdogo huko Muheza. Akacheka sana. "We mtoto, hiyo namba yake ya shule! Shuka, gauni, sahani, kila kitu kumi na saba. Mimi nilikuwa ishirini na tatu."

Nikamuuliza kama alibaki na chochote chenye namba yake. Akasema foronya moja ipo, ila anailalia.

Sasa kitambaa kinatundikwa kwenye korido isiyo na dirisha, kuanzia Jumapili ya kwanza ya Majilio hadi Januari 6. Binti alikata kadibodi ndogo kidogo kuliko ile ya zamani, ili pindo la chini lionekane mbele pamoja na namba yake. Siku nyingine zote kimeviringishwa kwenye bomba la kadibodi isiyo na asidi, ndani ya foronya ya pamba iliyofuliwa bila wanga, kwani nimeambiwa wadudu wanaupenda.