Num Lock na deni la mwaka 1987

Ubuntu 25.10, iliyotoka Oktoba 2025, haina tena eneokazi la GNOME linaloendeshwa juu ya X11, na mfumo huo mkongwe wa madirisha umeanza kuandikiwa tanzia. Nyingi zinausifu kwa kuweza kuonyesha kwenye skrini moja programu inayoendeshwa na mashine nyingine. Sifa hiyo ni haki yake. Lakini historia yake haijakamilika bila kutaja kosa moja lililowatesa waandishi wa programu kwa miaka: X11 haikuwapa njia ya moja kwa moja ya kujua kama Num Lock imewashwa.

Mfumo wa X ulianzia MIT mwaka 1984, mikononi mwa Bob Scheifler na Jim Gettys, na toleo la 11 likatoka Septemba 1987. Itifaki yake inatenga biti nane kwa vitufe vinavyobadili maana ya vingine: Shift, Lock, Control, na vitano visivyopewa kazi, Mod1 hadi Mod5. Caps Lock ilipata makao yake kwenye Lock. Num Lock ikaachwa ikae kwenye Mod yoyote, kadiri mashine ilivyopangwa. Programu ikalazimika kuomba ramani nzima ya vitufe hivyo, itafute Num Lock imewekwa wapi, ndipo isome biti husika. Kuangalia taa za kibodi hakukusaidia, kwani itifaki ilizipa namba tu, bila kusema ipi ni ya nini. Tena, tukio la kubonyeza kitufe hubeba hali iliyokuwapo kabla ya kubonyezwa, kwa hiyo aliyeisoma haraka alipata jibu lililokwisha kupitwa.

Adha kubwa ilikuwa kwenye njia za mkato. Programu inayosimamia madirisha huiomba seva ya X iipelekee, tuseme, Alt na F4, na seva hulinganisha biti zote bila kusamehe. Mtumiaji akiwasha Num Lock, mkato unakufa ghafla, naye hajui sababu. Dawa iliyoenea ilikuwa kusajili kila mkato mara nne: bila kufuli, na Caps Lock, na Num Lock, na zote mbili. Ukiongeza Scroll Lock zinakuwa mara nane. Kazi ya seva moja ikarudiwa na kila mwandishi wa programu.

Watetezi wa X husema wabunifu walikusudia kutoa nyenzo na kuwaachia wengine uamuzi, kwa sababu kibodi za Sun, DEC na IBM hazikufanana. Hoja hiyo ina uzito, ila inajipinga: Lock ilitajwa kwa jina, ingawa nayo ingeweza kumaanisha Caps Lock au Shift Lock. Mashine isiyo na Num Lock ingejibu tu kwamba haina. Njia hiyo ya kutaja kwa jina ndiyo iliyofuatwa na XKB, nyongeza ya kibodi ya X, kazi ya Erik Fortune wa Silicon Graphics, ilipoingia rasmi na X11R6.1 mwaka 1996: taa zikapata majina, na kitufe kilichoshikiliwa kikatofautishwa na kilichofungwa.

Wayland, mrithi wa X11, imerithi mpango huo wa XKB, na wanaoishangilia wangepaswa kuutaja mara nyingi zaidi. Hata hivyo hali ya kufuli kwa kawaida hupelekwa kwa dirisha linalotumika tu. Kijiprogramu cha pembeni kinachomwonyesha mwenye kibodi isiyo na taa kwamba Caps Lock imewaka bado kinategemea hisani ya mtengenezaji wa eneokazi lake.