Chatu wa Tumboni: Asili ya Uovu kwa Wazee wa Rungwe

Ndizi na mchele wa soko la Mwanjelwa, jijini Mbeya, hutoka kwa wingi Rungwe na Kyela, nchi iliyojaaliwa mvua na rutuba hata mgeni akadhani kwamba wenyeji wake hawakuwa na sababu ya kuoneana choyo. Kumbe ni wenyeji hao hao, Wanyakyusa, watu wa shibe, waliotafakari sana juu ya asili ya uovu, wakaiona iko tumboni.

Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti kwao baina ya 1934 na 1938, waliiandika itikadi hiyo kwa tafsili. Mchawi, walisema wazee, ana chatu tumboni, naye chatu hutamani nyama na maziwa ya watu. Usiku huwatafuna waliolala na kukausha viwele vya ng'ombe. Kilichomtia mja katika shari, basi, kilikuwa uroho wake mwenyewe.

Kwa nini nyama na maziwa? Wavulana wa umri wa miaka kama kumi walitoka kwa baba zao wakajenga kijiji chao, rika moja, wakaenda kundi zima kula leo kwa mama wa huyu na kesho kwa mama wa yule. Ukwangala, yaani kula na kuzungumza na wenzi, ndio uliokuwa adabu na elimu yao, na aliyependa kula peke yake alidharauliwa. Lakini ng'ombe walikuwa mali ya ukoo, wakirithiwa na ndugu, wala jirani uliyekula naye tangu utotoni hakuwa na haki katika zizi lako. Katika maandishi yake ya 1951, Monica Wilson aliihusisha hofu ya chatu na ujirani huo.

Linalonishangaza zaidi ni habari ya abamanga, walinzi wa kijiji, waliosadikiwa kuwaona wachawi ndotoni na kupigana nao: nguvu zao pia zilitoka kwa chatu. Wazee hawakuwagawa wanadamu mafungu mawili, wema huku na waovu kule. Kudura ilikuwa moja, na hitilafu ikawa katika nia. Hata mnyimivu aliweza kuugua kwa pumzi ya majirani walionung'unika, na dawa yake ilikuwa kuchinja na kuwalisha. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111 mbali kabisa na milima hii, naye alilitaja tumbo kuwa chemchemi ya matamanio, akikumbusha kwamba Adamu alitolewa peponi kwa sababu ya kula.

Wala si haki kuisifu hekima hii na kunyamazia dhuluma yake. Mtuhumiwa wa uchawi alinyweshwa umwafi, dawa ya kumpima. Akitapika alitakasika, asipotapika alihukumiwa mchawi. Waingereza walitunga Sheria ya Uchawi mwaka 1928, lakini tuhuma hazikukoma kwa amri ya serikali, kwani aliyeshukiwa hakuwa mgeni: mara nyingi alikuwa jirani wa kijiji kile kile, aliyekula na mshitaki wake tangu walipochunga ng'ombe pamoja.