Kansa ya Puru na Wagonjwa Waliopotea Kliniki

Mwaka 2013 madaktari wa Hospitali ya Rufaa ya Bugando, jijini Mwanza, walichapisha hesabu ya miaka mitano. Kati ya Julai 2006 na Juni 2011 walikuwa wamepokea wagonjwa 332 wa kansa ya utumbo mpana na puru, yaani kipande cha mwisho cha utumbo kinachoishia kwenye njia ya haja kubwa. Nusu ya wagonjwa hao hawakuwa wamefikisha hata miaka 47. Kwa zaidi ya nusu yao uvimbe ulikuwa umekaa chini, kwenye puru au pale puru inapoungana na utumbo wa juu yake. Karibu wote walipasuliwa, na kati ya kila kumi mmoja alifia hospitali. Lakini wale tisa waliotoka wodini kwa miguu yao, miaka mitano au kumi baadaye walikuwa wapi? Ripoti inajibu kwa sentensi moja: habari za muda mrefu hazikupatikana, kwa kuwa wengi wa wagonjwa hawakuonekana tena kliniki.

Swali hilo ndilo lililousukuma upasuaji wa kansa hii kwa karibu miaka 200. Jacques Lisfranc, mpasuaji wa Paris, aliikata kansa ya puru mwaka 1826 kupitia chini, bila dawa ya usingizi, kwa sababu dawa hiyo ilikuwa haijapatikana. Kwa maana hiyo upasuaji wa kwanza ulikuwa ule mdogo: unaingia kwa njia ya haja kubwa au pembeni yake, unakata unachokiona, unatoka. Wengi waliomfuata waliendelea hivyo hivyo hadi alipotokea Mwingereza Ernest Miles, mtu aliyekuwa na tabia ya kuwafuatilia wagonjwa wake. Alipohesabu 57 aliowapasua kwa njia ya chini, aligundua kwamba kansa ilikuwa imerudi kwa 54.

Miles aliwachunguza waliokufa akaona sababu. Uvimbe uliondolewa, lakini tezi za limfu zilizouzunguka utumbo zilibaki, na ugonjwa ulikuwa umeshajificha humo. Mwaka 1908 akatangaza upasuaji wake mkubwa: kufungua tumbo, kuondoa puru yote pamoja na tezi zake, kuifunga njia ya chini, na kumtolea mgonjwa haja kubwa kwa tundu la tumboni maisha yake yote. Katika wagonjwa wake 12 wa kwanza, watano walikufa. Hata hivyo kwa waliopona kansa ilirudi mara chache zaidi, na kwa miongo mingi jina la Miles likawa ndilo jina la tiba.

Shida ya tiba hiyo wanaijua waliowahi kuuguza mtu mwenye mfuko wa kukingia choo tumboni. Mfuko unagharimu, na unapokosekana watu hufunga nailoni au kitambaa. Mwenye mfuko hukwepa basi, hukwepa msiba, hukwepa kanisa na msikiti. Upasuaji mkubwa wa puru unaweza pia kuharibu mishipa ya fahamu inayoongoza mkojo na tendo la ndoa. Ndiyo maana upasuaji mdogo haukufa. Katika hospitali ya St Mark's, London, Cuthbert Dukes alionyesha mwaka 1932 kwamba hatari ya kansa hii hutegemea imezama kiasi gani katika ukuta wa utumbo na kama imefika kwenye tezi. Kama haijazama, kwa nini mtu aondolewe puru yote? Alan Parks wa hospitali hiyohiyo akabuni njia ya kukata uvimbe kupitia njia ya haja kubwa akiuona vizuri. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Mjerumani Gerhard Buess akatengeneza bomba lenye kipenyo cha sentimita 4, linalojazwa hewa na kutazamwa kwa lenzi. Kuanzia mwaka 2010 madaktari wa Florida, Marekani, wakaonyesha kwamba kazi hiyohiyo inawezekana kwa vifaa vya kawaida vya upasuaji wa tundu dogo, na hilo ni jambo la maana kwa hospitali zisizo na fedha za mitambo maalumu.

Mgonjwa wa upasuaji mdogo hana kovu tumboni, hana mfuko, na baada ya siku chache yuko nyumbani. Raha hiyo ina bei yake, na bei yenyewe ilijulikana kwa kungoja miaka. Mwaka 2007 Wamarekani walichapisha matokeo ya wagonjwa zaidi ya 2,000 wa kansa changa ya puru. Kwa wale ambao kansa ilikuwa haijafikia msuli wa ukuta, ilirudi palepale ndani ya miaka mitano kwa asilimia 12.5 ya waliopasuliwa kidogo, na kwa asilimia 6.9 ya waliopasuliwa sana. Kansa ilipokuwa imeingia kwenye msuli, tarakimu zilipanda hadi 22.1 na 15.1. Hata pale ugonjwa unapoonekana mchanga kabisa, takribani mtu mmoja kati ya kumi tayari ana kansa ndani ya tezi, na upasuaji mdogo hauzigusi. Ni kukata gugu na kuomba Mungu mizizi iwe imekufa.

Tusikate tamaa mapema, kwani kuna hesabu nyingine. Katika utafiti wa hospitali kadhaa za Marekani, wagonjwa 59 waliochaguliwa kwa makini, wote kansa ikiwa changa, walikatwa uvimbe tu bila dawa wala mionzi. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2008 yalionyesha kwamba asilimia 84 walitarajiwa kuwa hai baada ya miaka kumi, na kansa ilirudi palepale kwa asilimia 8 tu. Upasuaji mdogo si ulaghai, basi. Unataka mambo mawili: mgonjwa aje mapema, na baada ya kupasuliwa arudi kila miezi michache kwa miaka mitano, ili kansa ikichomoza tena ikutwe ingali ndogo na upasuaji mkubwa ufanyike kwa wakati.

Turudi Mwanza, katika Kanda ya Ziwa, na mambo hayo mawili. Katika wagonjwa 332 wa Bugando, asilimia 96.7 walifika ugonjwa ukiwa umeshakomaa. Piga hesabu: waliobaki ni kama watu 11, kwa miaka mitano, kutoka mikoa yote inayoleta rufaa Mwanza. Na si lazima kwa wote 11 uvimbe uwe ulikuwa kwenye puru.

Kwa nini wanachelewa? Sehemu ya jibu iko Kampala. Daktari Denis Burkitt, aliyefanya kazi Hospitali ya Mulago hadi katikati ya miaka ya 1960, alikuwa na mazoea ya kuziandikia hospitali za misheni za Afrika akiuliza wanaona magonjwa gani. Majibu yalimshawishi kwamba kansa ya utumbo ni adimu vijijini Afrika, na mwaka 1971 alieleza sababu aliyoiamini: watu wanakula nafaka zisizokobolewa na mboga, choo kinapita upesi. Kuhusu chakula hakukosea sana. Lakini jamii yenye wazee wachache, na zahanati zisizo na kifaa cha kuchungulia utumbo, haiwezi kuona kansa nyingi hata kama ipo. Kwa maoni yangu nadharia yake iliacha urithi mbaya, ile imani kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu.

Sehemu nyingine ya jibu iko ziwani. Katika vijiji vya wilaya ya Misungwi vinavyopakana na Ghuba ya Mwanza, damu kwenye choo ina maelezo mengi kabla mtu hajafikiria kansa. Kuna kichocho cha tumbo, ambacho ufukweni ni cha kawaida. Kuna amiba. Kuna bawasiri, ambayo kila gulio lina muuza dawa yake. Mtu anameza vidonge, damu inakoma wiki mbili, inaanza tena. Na kipimo cha kwanza kabisa, daktari kuingiza kidole chenye glavu, mgonjwa anakionea haya na mhudumu wakati mwingine anafurahi kukiruka. Hakihitaji umeme wala mashine.

Umbali nao ulikuwa na sehemu yake. Wagonjwa waliotoka Geita na Sengerema walisubiri kivuko Busisi ili wavuke hadi Kigongo, upande wa Misungwi. Tangu Juni 2025 wanapita juu ya Daraja la JP Magufuli, lenye urefu wa takribani kilomita 3. Na wakati wa ile hesabu ya Bugando, aliyehitaji mionzi alipelekwa Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara. Katika wagonjwa 321 waliohesabiwa kwa tiba ya kuongezea baada ya upasuaji, ni 54 tu walioipata.

Kuhusu kurudi, mara nyingi husemwa kwamba watu wa huku hawafuatiliki: wavuvi wanahama kambi, wachimbaji wanafuata dhahabu, namba za simu zinabadilika. Mwanza yenyewe inakanusha. Kuanzia mwaka 1991 watafiti wa Kitanzania na Kiingereza waliwaandikisha watu wazima 12,537 wa mkoa huu katika utafiti maarufu wa magonjwa ya zinaa na UKIMWI. Miaka miwili baadaye waliwaona tena 8,845, yaani asilimia 71. Misungwi nako, vyandarua vya aina mpya na vya kawaida viligawiwa mwaka 2019 katika makundi 84 ya vijiji na vitongoji, na watoto wakafuatiliwa kujua nani kapata malaria. Katika tafiti hizo mhudumu aliwafuata watu walikoishi. Mgonjwa wa kansa anaandikiwa tarehe kwenye kadi, nauli ajitafutie.

Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wapo katika vijiji vyetu, na wanajua nyumba ya kila mtu. Bugando na halmashauri zikiwapa majina ya waliopasuliwa, kwa ridhaa ya wenyewe, wagonjwa wengi hawatapotea. Na wewe msomaji, ukiona damu kwenye choo kwa zaidi ya wiki tatu, au choo kimebadilika bila sababu, usinunue tena dawa ya bawasiri. Nenda kituo cha afya, omba upimwe kwa kidole, na wakikuambia si kitu bila kukugusa, omba tena.