Mapigano ya Hastings

Mapigano ya Hastings yalitokea tarehe 14 Oktoba 1066 kusini mwa Uingereza baina ya jeshi la William, mtawala wa Normandy katika Ufaransa kaskazini, na jeshi la Harold Godwinson, mfalme wa Uingereza. Harold aliuawa, na ushindi wa William ulianzisha utawala wa Wanormani nchini Uingereza.

Chanzo

Mfalme Edward alifariki Januari 1066 bila kuacha mtoto. Wakuu wa nchi walimkubali shemeji yake Harold kuwa mfalme. William alipinga akidai kwamba Edward alimwahidi ufalme na kwamba Harold mwenyewe aliwahi kuapa kumuunga mkono.

Mwezi Septemba mdai mwingine, mfalme Harald Hardrada wa Norwei, alivamia kaskazini. Harold alimshinda tarehe 25 Septemba huko Stamford Bridge, karibu na York. Siku tatu baadaye William alitua Pevensey kwenye pwani ya kusini. Harold alilazimika kurudi upesi, ingawa askari wake walikuwa wamechoka na wengi walikuwa wameuawa au kujeruhiwa.

Majeshi

Kila upande ulikuwa na askari elfu kadhaa. Waingereza walipigana kwa miguu. Walijipanga juu ya kilima wakisimama bega kwa bega na kufanya ukuta wa ngao. Walinzi wa mfalme walitumia mashoka makubwa. William alikuwa na wapiga upinde, askari wa miguu na wapiganaji wapanda farasi waliovaa deraya za pete za chuma na kushika mikuki.

Mapigano

Mapigano yalianza asubuhi yakaendelea hadi jioni. Wapanda farasi walishindwa kuvunja ukuta wa ngao kwa sababu walipaswa kupanda mteremko. Sehemu ya jeshi la William ilirudi nyuma, na uvumi ulienea kwamba amekufa. William aliinua kofia yake ya chuma ili askari wamwone.

Waingereza kadhaa walitoka katika safu zao kuwafukuza waliokimbia, wakazingirwa na kuuawa. Kufuatana na taarifa za Wanormani, baadaye walijifanya kukimbia mara kadhaa ili kuwavuta wengine. Hivyo ukuta ulipungua pole pole. Harold na ndugu zake wawili, Gyrth na Leofwine, waliuawa siku hiyo.

Matokeo

William alitawazwa kuwa mfalme huko Westminster tarehe 25 Desemba 1066, lakini maasi yaliendelea kwa miaka kadhaa. Wanormani walijenga ngome nyingi, na katika majira ya baridi ya 1069-1070 waliteketeza vijiji na chakula kaskazini, hivyo watu wengi walikufa kwa njaa. Orodha ya mali iliyoandikwa mwaka 1086, iitwayo Domesday Book, inaonyesha kwamba karibu mashamba yote makubwa yalikuwa yamehamia mikononi mwa wageni.

Kifaransa kikawa lugha ya watawala, na maneno yake mengi yaliingia katika Kiingereza, hasa ya sheria na serikali. Hata neno "jaji" la Kiswahili, lililotoka Kiingereza, lina asili hiyo ya Kifaransa.