Jinsi Kompyuta Ilivyojifunza Kuitambua Televisheni

Zamani za televisheni ya analojia, mtambo wa kurushia picha haukuwa na haja ya kumjua mpokeaji wake, kwani mawimbi yalikwenda upande mmoja tu, na kila seti, kubwa kwa ndogo, iliundwa kwa kanuni moja iliyokwisha kukubaliwa na taifa zima. Kompyuta ndizo zilizoleta haja ya kuulizana, maana skrini zake zilihitilafiana kwa ukubwa na kwa wingi wa nukta; na IBM ilipotoa VGA mwaka 1987, yenye plagi ya pini 15, pini chache zilitengwa ziwe alama ya aina ya skrini, maarifa haba yaliyotosha kwa wakati ule.

Mwaka 1994 jumuiya ya VESA ikaweka kanuni iliyo bora zaidi: kila skrini ibebe hati ya baiti 128, iitwayo EDID, yenye kumtaja mtengenezaji na vipimo vya picha inavyovikubali, na baiti ya mwisho ipangwe kwa makusudi ili jumla ya zote igawanyike kwa 256 pasipo baki, iwe ithibati kwamba hati haikuharibika njiani. HDMI, iliyotolewa Desemba 2002 kwa shauri la makampuni saba, ikairithi desturi hiyo na kuiongezea ukurasa wa habari za sauti: pini ya 18 hupeleka volti 5 kutoka kwenye kompyuta mithili ya mtu apigaye hodi, televisheni huitikia kwa pini ya 19, ndipo hati isomwapo kwa pini za 15 na 16.

Basi aliyeweka kompyuta sebuleni kwa ajili ya filamu, akaiunganisha na televisheni kwa kupitia amplifaya, ataelewa asili ya taabu yake: televisheni ikizimwa, au amplifaya ikigeuziwa chombo kingine, mara nyingi pini ya 19 hunyamaza, na kompyuta, ikikosa hati, hudhani hakuna skrini, ikakata picha na sauti, ama ikashuka hata kipimo duni. Ndiyo sababu mafundi huusia kuwasha televisheni kwanza, kisha amplifaya, na kompyuta mwisho. Na hilo lisipofaa, hati hunakiliwa wakati mambo ni salama na kuhifadhiwa ndani ya kompyuta, kama Linux inavyoruhusu, au huchomekwa kiplagi kidogo chenye hati yake, kijibu wakati wote.

Wengi hukimbilia kununua kadi mpya ya picha, ilhali ile waliyo nayo haina dosari. Fundi aijuaye historia hii hutafuta kwanza mahali mazungumzo yalipokatika, akamwokolea mteja mali yake.