Saratani ya korodani: kromosomu zinaeleza nini?

Saratani ya korodani huwapata zaidi wanaume wa miaka 15 hadi 40. Katika uvimbe mwingi wa aina hii, seli za saratani huwa na nyongeza ya kipande cha kromosomu namba 12, moja ya nyuzi zinazobeba vinasaba. Kasoro hiyo hutokea ndani ya uvimbe. Mgonjwa hakuirithi kwa wazazi. Humsaidia daktari kutambua ugonjwa, lakini uwezekano wa kupona hutegemea zaidi saratani imeenea kiasi gani. Ikigunduliwa mapema, wagonjwa zaidi ya 9 kati ya 10 hupona.

Kijana wa Rulenge anayehisi uvimbe kwenye korodani, hata usiouma, asione aibu. Awahi hospitali, akihitaji rufaa, matibabu ya saratani yanapatikana Bugando, Mwanza.